"Daktari wa nini?" Usijibu kabla hujakanyaga wodi

Kuna swali moja linalomfuata kila daktari kijana nchini, kutoka matangani hadi harusini: "Kwani wewe ni daktari wa nini?"

Binamu yangu aliulizwa Desemba, tukiwa ushago, kila mtu na sahani yake ya pilau. Alikuwa na miezi minne tu tangu aanze kazi kama daktari mwanagenzi katika hospitali moja ya kaunti. Usingizi umemwisha, viatu vimelika soli, na shangazi yetu anataka kujua kama yeye ni wa moyo, wa ubongo ama wa "hizi mambo za kina mama". Binamu akacheka. "Anti, mimi bado ni wa kila kitu."

Shangazi hakuridhika. Akanigeukia mimi, aliyeacha chuo, na macho ya kusema labda ni mimi nimemwambukiza huyu mtoto kutojua anakoenda.

Sasa wewe unayesoma hii, uko mwaka wa tatu wa udaktari, ama uko KMTC unasomea utabibu, ama ndio unangoja KUCCPS ikupange, nisikize kidogo. Jibu la binamu yangu ndilo lililokuwa na akili kuliko yote niliyosikia siku hiyo. Usichague ubingwa kwa kuangalia cheo, gari ama sifa za ukoo. Ingia wodini kwanza. Shika utafiti mmoja kwa mikono yako. Halafu ndio uchague.

Najua utauliza: kwani wewe uliyeacha chuo unajua nini kuhusu udaktari? Udaktari sijui. Ninachojua vizuri ni gharama ya kuchagua kitu ambacho hujawahi kukiona.

Nilipata gredi nzuri ya hesabu kwenye KCSE, mwalimu akaniambia nisomee ile sayansi ya kukokotoa hatari za bima. Jina la kozi lilikuwa tamu, na nikaambiwa mshahara wake ni mtamu zaidi. Nikajaza. Kwa miaka miwili sikuwahi kukaa hata asubuhi moja kwenye ofisi ya mtu anayefanya hiyo kazi. Nilipokuja kuelewa kile anachofanya kutwa nzima, karo ya mzee ilikuwa imeshaenda, na kipande cha shamba pia. Nikatoka mwaka wa tatu. Nusu ya lawama ni yangu. Nusu nyingine ni ya utaratibu unaomtaka kijana wa miaka 18 achague maisha kwa kusoma jina la kozi kwenye simu.

Lakini mimi niliharibu hesabu zangu peke yangu. Daktari akikosea kuchagua, gharama inafika hadi kitandani kwako. Siku utakayolazwa saa nane za usiku, hutataka kuhudumiwa na mtu anayechukia kazi yake na amekwama ndani yake kwa sababu amewekeza miaka kumi.

Tuna dirisha, tulitumie

Piga hesabu nami. Shahada ya udaktari hapa Kenya ni kama miaka sita. Halafu kuna mwaka mmoja wa uanagenzi, unazungushwa kwenye idara kubwa: magonjwa ya ndani ya watu wazima, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya wanawake. Baada ya hapo ndipo unasajiliwa kikamilifu na baraza la KMPDC. Ubingwa wenyewe ni safari nyingine. Kuna shahada ya uzamili ya miaka minne au zaidi. Kwa wanaotaka upasuaji, kuna pia njia ya chuo cha COSECSA, ambapo mtu hufundishwa akiwa kazini kwenye hospitali kama Kijabe na Tenwek. Ukianza ukiwa na miaka 19, unafika bingwa ukiwa na 30 hivi, na hapo hakujatokea mgomo, kuchelewa kupangiwa kituo, wala mtoto wa kulipiwa karo.

Marekani mwanafunzi anachagua ubingwa akiwa bado chuoni, na mwezi Machi wa mwaka wake wa mwisho anaambiwa amepangwa hospitali gani. Tangu Januari 2022 mtihani wao wa kwanza wa leseni uliacha kutoa alama. Sasa ni kupita ama kuanguka. Kwa hivyo wanafunzi wanakimbizana kujaza tafiti kwenye fomu za maombi ili waonekane. Uingereza nao huwapa madaktari wapya miaka miwili ya msingi kabla ya kuingia kwenye ubingwa.

Hapa kwetu wengi humaliza uanagenzi, wakafanya kazi kama madaktari wa kawaida miaka kadhaa, ndipo wakarudi chuoni. Mtaani watu huita hiyo kuchelewa. "Wenzako wameshakuwa mabingwa, wewe bado." Mimi naona ni dirisha ambalo mwanafunzi wa Marekani angelitamani: muda wa kuona kazi ilivyo kabla hujafunga mlango nyuma yako. Ubaya ni kwamba wengi wetu tunaupitisha huo muda tukihesabu tu siku za mshahara.

Wodi haina muziki wa televisheni

Binamu yangu alitaka kuwa mpasuaji wa ubongo tangu kidato cha pili. Chanzo ni tamthilia ya televisheni, na yeye mwenyewe anakubali. Chuoni aliona upasuaji wa aina hiyo mara moja, akichungulia nyuma ya mabega ya watu wanne.

Alipofika idara ya upasuaji kama mwanagenzi, aliona kile kamera haikuonyesha. Saa mbili za thieta ni tamu, anasema. Lakini kabla yake kuna saa sita za kutafuta damu, kutafuta kitanda cha wagonjwa mahututi, na kumpigia simu mke wa kijana wa boda boda aliyeletwa bila fahamu. Baada yake kuna wiki za kuosha vidonda. Hiyo ndiyo kazi. Kama huwezi kupenda hizo saa sita, zile mbili hazitakutosha maisha yote.

Kila ubingwa una hii sehemu isiyopigwa picha, na ndiyo inayoamua kama utadumu. Daktari wa kisukari humponyi mgonjwa ukasahau. Unatembea naye miaka ishirini, unamwambia jambo lile lile kila baada ya miezi mitatu, na anarudi sukari iko juu. Kuna watu wanapenda huo urafiki mrefu. Kuna wengine ungewaua. Daktari wa nusukaputi anaokoa maisha ya mtu ambaye hatalikumbuka jina lake. Daktari wa magonjwa ya akili anaweza kukaa wiki nzima akimsikiliza mgonjwa kabla ya kuelewa tatizo ni nini. Unaweza kusoma haya yote kwenye noti. Kama yanakufaa wewe, noti haitakwambia.

Halafu kuna zile taaluma ambazo hata hazikuingii akilini kwa sababu hujawahi kukutana na mtu wake. Mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa Shakahola, kazi ya mwanapatholojia ilikuwa kwenye taarifa ya habari wiki baada ya wiki. Watu walimwona daktari ambaye mgonjwa wake hawezi kumjibu, lakini bila yeye familia zisingejua wapendwa wao walikufaje. Nani kati yetu aliambiwa akiwa mdogo, "soma kwa bidii uwe mwanapatholojia"?

Kwa hivyo ukienda kujifunza mahali, usiombe kuingia thieta tu. Omba kukaa kliniki ya wagonjwa wa nje siku nzima, ile yenye foleni inayofika getini. Omba zamu ya usiku. Uwe hapo daktari anapompa mama habari mbaya. Kisha mwangalie huyo daktari bingwa saa kumi na moja jioni: uso wake unasema nini? Hayo ndiyo maisha unayoyaomba.

Utafiti si wa watu wa makoti tu

Hapa ndipo wengi mnanikimbia. Ukisikia "utafiti" unawaza takwimu, kompyuta inayokwama na profesa asiyejibu barua pepe. Unaona ni kitu cha kupamba CV. Basi sikiliza hii.

Binamu alipohamia wodi ya watoto, usiku mmoja aliletwa mtoto mwenye homa kali, mikono na miguu baridi, anahema kwa shida. Mtoto hakuwa anaharisha wala hakuwa amepungukiwa maji. Kichwani mwa binamu kulikuwa na kitu kimoja: damu haizunguki vizuri, fungulia maji ya mshipa yaingie haraka. Akanyoosha mkono. Daktari aliyemtangulia akamshika: "Polepole. Hujasoma utafiti wa Kilifi?"

Hakuwa amesoma. Alfajiri, zamu ilipotulia, akautafuta kwenye simu. Unaitwa FEAST, na ulichapishwa mwaka 2011. Ulioongozwa na watafiti walio Kilifi, ambako taasisi ya KEMRI imekuwa ikishirikiana na shirika la Wellcome tangu 1989. Walihusisha watoto 3,141 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, waliolazwa wakiwa na homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Waliokuwa wakiharisha hawakuhusishwa. Baadhi walipewa maji mengi ya mshipa kwa haraka, jinsi vitabu vilivyokuwa vikifundisha. Wengine hawakupewa hayo maji ya haraka.

Wengi walitarajia maji yaokoe. Yaliua. Ndani ya saa 48, katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, walikufa kama 10 na nusu. Kwa wale wengine walikufa 7 na kidogo. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu ya matokeo hayo.

Soma tena hiyo. Madaktari wazuri, wenye nia safi, walikuwa wakifanya kitu kinachoonekana cha busara, na kilikuwa kinawadhuru watoto. Hakuna ambaye angejua kwa kutazama mgonjwa mmoja mmoja, kwa sababu kwa mgonjwa mmoja unaona tu amepona ama amekufa, na huoni kile ambacho kingetokea ungefanya vingine. Ilibidi mtu ahesabu.

Binamu anasema alfajiri hiyo ndiyo ilimbadilisha. Hajaapa kuwa daktari wa watoto. Kilichobadilika ni swali lake. Zamani alikuwa anajiuliza, "Ni ubingwa gani wenye heshima?" Sasa anajiuliza, "Ni maswali gani yanayoninyima usingizi?"

Na hilo ni swali zuri la kuchagulia maisha. Chukua uzazi. Mama wengi hufa kwa kuvuja damu baada ya kujifungua, na sehemu ya tatizo ilikuwa kitu cha kawaida kabisa: damu ilikuwa inakadiriwa kwa macho tu, kwa hivyo hatari inaonekana imeshachelewa. Utafiti wa E-MOTIVE, uliotolewa 2023, ulifanyika katika hospitali kama 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukihusisha zaidi ya wanawake 200,000. Kina mama waliwekewa karatasi ya plastiki yenye mfuko wa alama za kupimia damu, na damu ikifika kiwango cha hatari, wahudumu wanatoa matibabu yote kwa pamoja badala ya moja baada ya jingine. Visa vya kuvuja damu vibaya, kufanyiwa upasuaji kwa sababu hiyo ama kufa vilipungua kwa asilimia 60. Mfuko wa plastiki wenye alama! Kama hiyo habari imekufanya ukae wima kwenye kiti, labda umeshajijibu kitu kuhusu wapi pa kwenda.

Unaanzia wapi?

Anza na kidogo. Huhitaji mamilioni wala maabara. Tafuta swali dogo kwenye wodi uliyomo: mtoto akilazwa na nimonia, inachukua dakika ngapi kabla ya dozi ya kwanza? Wagonjwa wangapi wa shinikizo la damu hawarudi kliniki, na ni kwa nini? Mtafute daktari ama mhadhiri akusimamie. Andika pendekezo la kurasa mbili. Pitia kamati ya maadili, na kibali cha NACOSTI pale kinapohitajika. Faili ya mgonjwa si yako kupiga picha na kutuma kwenye kundi la WhatsApp, hata kama ni "kwa ajili ya masomo".

Huo mchakato wenyewe utakufunza kuhusu wewe. Ukigundua kwamba kukaa na mafaili mia mbili kunakutuliza, shika hiyo. Ukigundua unatoroka kila mara kwenda kuongea na wagonjwa, shika hiyo pia. Yote mawili ni majibu.

Usikubali jina lako libandikwe kwenye utafiti ambao hukufanya. Siku ya mahojiano utaulizwa swali moja na utaumbuka. Na yale majarida yanayokutumia barua pepe saa nane usiku yakikuita "Profesa Mheshimiwa" na kukuomba dola mia kadhaa uchapishwe wiki ijayo, yafute. Unalipia aibu.

Halafu, ukitoka kila zamu, andika mistari mitatu kwenye simu: nini kilinipa nguvu leo, nini kilinichosha, na ningeweza kurudia siku hii mara elfu? Fanya hivyo katika kila idara. Mwisho wa mwaka soma yote kwa mpigo. Kumbukumbu hudanganya, hasa ukishaanza kusikia mishahara ya watu.

Na tafuta registra, yaani yule daktari aliye katikati ya masomo ya ubingwa. Daktari bingwa mwenye miaka 55 atakwambia yote yalikuwa mazuri, ameshasahau. Registra wa mwaka wa pili hajasahau. Muulize karo nani analipa, analala saa ngapi, na kama angeanza upya angechagua nini. Ukienda na chai na mandazi, atakwambia ukweli zaidi.

Lakini mlango uwe wa kila mtu

Ningekuwa mnafiki nikikuachia mzigo wote wewe. Huu ushauri wa "nenda ukajionee" ni rahisi kwa mtoto ambaye mjomba wake ni bingwa hospitali kubwa ya Nairobi. Yeye anapiga simu moja, Jumatatu yuko ndani na koti jeupe. Wewe uliyetoka shule ya kutwa huko Mwingi ama Lodwar, unamjua nani? Utaandika barua, klaki ataiweka chini ya nyingine, na mambo yataishia hapo.

Hospitali za kufundishia na kaunti ziweke utaratibu ulio wazi wa wanafunzi kujifunza na kushiriki utafiti: fomu moja, tarehe inayojulikana, majina yabandikwe ukutani. Vyuo navyo viache kuhesabu utafiti kama kazi ya mwaka wa mwisho tu. Na wanafunzi wa utabibu wa diploma wasisahaulike. Wao pia hufanya uanagenzi, wao pia huendelea na masomo ya juu katika taaluma maalum, na mashinani mara nyingi ndio wa kwanza kumwona mgonjwa.

Halafu kuna pesa. Mgomo wa madaktari ulioanza Machi 14, 2024 ulidumu siku 56, na kiini chake kilikuwa wanagenzi: kupangiwa vituo, na malipo. Mkataba wa 2017 uliwapa kama Sh206,000 kwa mwezi. Serikali ilitaka kuwalipa Sh70,000. Wengi waliona ni vita vya mshahara tu. Lakini daktari anayengoja kituo miezi na miezi nyumbani anapoteza ule mwaka hasa wa kujijua. Na yule anayefanya vibarua kliniki tatu ili alipe kodi hatabaki jioni kusoma mafaili mia mbili. Atachagua ubingwa unaolipa haraka, na huwezi kumlaumu. Baadaye tutashangaa kwa nini wote wako jijini na kwa nini kaunti nzima haina daktari wa magonjwa ya akili.

Nilimpigia binamu juzi nikiandika hii. Yuko wodi ya uzazi sasa. Nikamuuliza kwa utani, "Haya, wewe ni daktari wa nini?" Akanyamaza kidogo, nikasikia mtoto akilia nyuma yake.

"Niulize Agosti," akasema. "Saa hizi kuna mama ananingoja."